Kabla hujamponda kiwavi

Somo: Luka 13:6–9, Warumi 12:2, 2 Wakorintho 2:5–8

 

Leo nataka nikupeleke nyuma ya nyumba yangu, hapa Mwanza, kwenye mlimao. Mti huu aliupanda mke wangu. Eneo letu ni la mawe, kama unavyoijua Mwanza, na udongo unaupata kwa kubahatisha kati ya jiwe na jiwe. Kwa hiyo mti uliokubali kushika hapo tunautunza kama mtoto. Ndiyo maana kwa miaka mingi nilikuwa na desturi moja: kila nilipoona kiwavi kwenye majani yake, nilimwangusha chini nikamponda kwa kandambili. Wala sikuwa nafikiri mara mbili. Kiwavi anakula majani, majani ni yangu, basi.

Mwaka jana mvua za vuli zilipoanza na mlimao ukatoa majani machanga, mjukuu wangu wa darasa la nne alinijia mbio. "Babu, njoo uone mavi ya ndege yanatembea!"

Nikaenda. Juu ya jani palikuwa na kitu cheusi cha kahawia chenye baka jeupe, kinang'aa kama kilicholowa. Kweli ungeapa ni kinyesi cha ndege, isipokuwa kilikuwa kinasogea taratibu kuelekea ukingo wa jani. Nikavua kandambili.

"Babu, unamuua kwa nini? Huyu ni kipepeo."

Nikamwambia huyu ni kiwavi, na viwavi wanamaliza mlimao wa bibi yake. Akaniangalia kama mtu anayemwelewesha mwenzake jambo jepesi. "Ndiye huyohuyo, Babu. Ni bado tu."

Nikarudisha kandambili mguuni. Tukamtia kiwavi yule kwenye ndoo ya plastiki pamoja na kitawi cha mlimao, tukafunika juu kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Kwa wiki kadhaa zilizofuata, mzee wa kanisa mwenye mvi alikuwa akichuma majani mabichi kila asubuhi kumpelekea mdudu aliyetaka kumuua.

Safari ya kipepeo wa mlimao

Kipepeo mwenyewe bila shaka umemwona. Ni mkubwa, mweusi mwenye madoa na mabaka ya manjano, na kwenye mabawa ya nyuma ana alama za mviringo kama macho, zenye bluu na wekundu wa chungwa. Wataalamu wa wadudu humwita Papilio demodocus. Anapatikana karibu Afrika yote kusini mwa Jangwa la Sahara, kuanzia pembezoni mwa misitu mpaka bustani za mjini, kwa sababu viwavi wake hula miti ya jamii ya michungwa. Palipo na mlimao, mndimu, mchungwa au mchenza, usishangae kumkuta.

Mama kipepeo hatagi ovyo. Hutua juu ya jani, akaligusagusa kwa miguu ya mbele, maana vipepeo huonja kwa miguu. Akiridhika kwamba mti unafaa, huacha yai moja, dogo kama kichwa cha pini, la rangi ya manjano hafifu, kisha huruka kwenda jani jingine. Yai moja hapa, moja pale, halafu huondoka. Watoto wake hatawaona. Alichoweza kuwafanyia ni kuwaacha mahali penye chakula.

Baada ya siku chache yai huanguliwa. Kiwavi anayetoka ni yule wa "mavi ya ndege", na kufanana huko kunamsaidia, kwa kuwa ndege anayetafuta chakula hahangaiki na kinyesi. Mdudu huyu anaokoka kwa kuwa anaonekana uchafu. Hula, hukua, ngozi ikimbana huivua, mara nne. Akishaivua mara ya nne, sura inabadilika kabisa: anakuwa wa kijani, mnene, mwenye mabaka yanayomfanya aonekane kama sehemu ya majani yenyewe.

Ukimgusa wakati huo hukasirika. Nyuma ya kichwa huchomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali inatoka. Mjukuu wangu alipiga kelele, na mimi nilirudi nyuma hatua mbili. Lakini kiwavi huyu haumi, wala zile pembe hazichomi. Ni woga, na hiyo ndiyo njia yake ya kuuonyesha. Msomaji mwenye kijana wa miaka kumi na sita nyumbani, nadhani umenielewa.

Kisha ikaja siku tukakuta majani hayajaguswa. Kiwavi alikuwa amepanda juu ya kijiti, amejifunga uzi mwembamba wa hariri katikati ya mwili, kama fundi wa umeme anavyojifunga mkanda kwenye nguzo. Ngozi ikapasuka mara ya mwisho, na kilichobaki kikining'inia pale ni kile ambacho shuleni tulikiita pupa. Yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Nadhani wengi wetu tuliukariri mchoro ule tukapata alama zetu, tukaendelea na maisha.

Pupa hana mdomo wa kula wala mguu wa kukimbilia. Anaweza kuwa wa kijani au wa kahawia, kulingana na mahali alipojishikiza, na ukipita haraka utadhani ni jani lililojikunja. Hukaa hivyo wiki mbili, tatu, kutegemea joto. Siku ya tano niliinamia ile ndoo, nikamwambia mjukuu wangu kwa sauti ya upole, "Nadhani amekufa."

Akajibu jibu lake lilelile. "Bado, Babu."

Yanayotendeka ndani

Laiti ningejua wakati ule kilichokuwa kinatendeka ndani ya lile ganda. Mwili wa kiwavi unavunjwavunjwa. Misuli aliyotambalia na sehemu kubwa ya viungo vyake huyeyushwa na kujengwa upya. Lakini havivunjwi vyote. Tangu alipokuwa kiwavi, ndani yake mlikuwa na mafungu madogo ya chembe hai yaliyowekwa akiba kwa ajili ya mabawa, miguu mirefu, macho makubwa na vipapasio. Maana yake ni kwamba siku ile nilipovua kandambili, mwanzo wa mabawa ulikuwa tayari umo ndani ya kile kitu nilichokiona kama kinyesi. Ulikuwa bado tu.

Liko jambo jingine. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walichapisha matokeo ya kazi yao juu ya nondo, ambaye naye hupitia hatua hizihizi. Waliwazoesha viwavi wakubwa kuikimbia harufu fulani kwa kuwapiga shoti ndogo ya umeme kila iliposikika. Viwavi wale wakawa pupa, pupa wakawa nondo. Na nondo wengi, ingawa walikuwa na mwili mpya, waliendelea kuikimbia harufu ile. Mwili ulibadilika, lakini kumbukumbu ya walivyotendewa ikavuka nao.

Naomba uliweke hilo akilini, tutalirudia.

Paulo, katika Warumi 12:2, anawataka waamini wasiifuate namna ya dunia hii, wageuzwe kwa kufanywa upya ndani ya nia zao. Neno la Kigiriki alilolitumia lina mzizi uleule ambao wanasayansi wameuchukua kulitaja badiliko la kiwavi kuwa kipepeo. Ndilo pia linalotumika katika Mathayo 17:2, Yesu alipogeuka sura mlimani mbele ya wanafunzi watatu. Na Kiswahili chetu kimelitafsiri kwa uangalifu: mgeuzwe. Hakikusema mjigeuze. Yuko mwingine anayegeuza, na namna neno lilivyokaa katika Kigiriki inaonyesha kazi inayoendelea, ambayo haijakwisha.

Ndugu yake wa msituni

Kipepeo wetu wa mlimao ana ndugu anayependa msitu. Wataalamu humwita Papilio dardanus. Anaishi katika misitu ya mvua ya Afrika ya kitropiki, ikiwemo ile iliyobaki kandokando ya ziwa letu hili upande wa Uganda, na huku kwetu mpaka milima ya Usambara. Viwavi wake nao hula majani ya miti ya jamii hiyohiyo ya michungwa.

Dume lake ni rahisi kulitambua: ni la manjano iliyopauka, lina mipaka myeusi na mikia miwili nyuma. Majike ndiyo yaliyowachanganya watu. Katika sehemu kubwa ya Afrika hayana mikia, na hayafanani na dume wala yenyewe kwa yenyewe. Moja ni jeusi lenye madoa meupe, jingine ni la rangi ya chungwa. Kila moja limeiga sura ya aina fulani ya kipepeo mchungu ambaye ndege wakishamwonja hawamrudii. Kwa sababu hiyo wasomi wa zamani waliwaandika vitabuni kama aina mbalimbali, kila mmoja na jina lake, kila mmoja na ukoo wake.

Mwaka 1869 Roland Trimen, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi Cape Town, aliandika kwamba wote hao ni ukoo mmoja. Si wote waliomwamini. Ungewezaje kuwatazama viumbe wenye sura mbalimbali hivyo ukasema ni ndugu? Kilichokata ubishi hakikuwa maneno. Watu walifuga viwavi, baadaye wakachukua mayai ya mama mmoja wakayalea hatua kwa hatua mpaka mwisho, na kutoka kwenye tumbo moja wakatoka wenye sura tofauti.

Ilibidi mtu akubali kulea ndipo ajue anamtazama nani. Aliyemtoboa kwa pini akambandika kwenye sanduku la maonyesho alipata sura yake tu.

Na wako ndugu zetu wa Amani, wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, ambao mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianza kufuga vipepeo wa msitu wa Usambara Mashariki. Walichokuwa wanauza nje ya nchi ni pupa, mpaka Serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Fikiria mtu wa Ulaya anatoa fedha kwa ajili ya kitu kilichokauka kama jani, kisicho na dalili ya uhai. Na fikiria mama wa kijijini aliyekuwa akiwafukuza viwavi shambani sasa anawajua kwa majani wanayokula, anawachumia, anawafunika ndege wasiwale. Kiwavi ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba mama huyu amejua anakoelekea.

Ajenda namba tatu

Mpendwa msomaji, mpaka hapa nimekuambia habari za wadudu. Sasa niseme kilichonifanya niandike.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa nililokuwa mzee, tulikuwa na kijana aliyepiga kinanda. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Tulimkabidhi pia fedha za sare za kwaya, shilingi 460,000, michango ya watu wadogo wadogo, mama lishe na wauza samaki. Fedha zikaisha. Alikuwa amezibetia mpira. Alipoulizwa alijibu kwa jeuri, sauti juu, akaondoka ameubamiza mlango.

Kikao cha wazee kilikuwa na ajenda nne. Mimi nilikuwa katibu, muhtasari niliuandika kwa mkono wangu. Ajenda namba mbili ilikuwa rangi ya ukuta wa kanisa. Wengine walitaka krimu, wengine bluu hafifu, na tuliijadili zaidi ya saa nzima. Ajenda namba tatu ilikuwa kijana. Haikufika dakika kumi. Kutengwa mwaka mmoja, asiguse kinanda. Barua alipelekewa na mlinzi. Mwaka ukapita, na hakuna hata mmoja wetu aliyeirudisha ajenda hiyo mezani. Mpiga kinanda mwingine alikuwa ameshapatikana.

Mapema mwaka huu nilikwenda soko la Mwaloni, Kirumba, kutafuta dagaa wa kuchanganyia chakula cha kuku. Katikati ya magunia nikasikia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Nilichukua muda kumtambua. Amepanuka mabega, ndevu zimemjaa. Nikamuuliza yuko wapi siku hizi, akasema yupo tu, anakwenda visiwani, analeta dagaa. Tukanyamaza kidogo. Halafu akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja bei:

"Mzee, ile hela nilikula kweli. Sikatai. Ila nilidhani mtakuja nyumbani. Nilikaa wiki tatu nasubiri mtu abishe hodi. Nikaona hakuna. Ndiyo nikapanda boti."

Akanipimia dagaa, akanizidishia, akakataa niongeze fedha.

Wiki tatu. Nilirudi nyumbani nikaitazama ile ndoo, ambayo ilikuwa imeegeshwa tupu ukutani, nikahesabu. Wiki tatu kijana yule alikuwa ndani ya chumba chake amenyamaza, hajulikani amekufa au yu hai, na kanisa zima lilikuwa linapita nje. Nikakumbuka na wale nondo. Huenda Mungu amekwishaanza kumgeuza, huenda anaendelea naye hukohuko visiwani. Lakini kumbukumbu ya kwamba hakuna aliyebisha hodi imevuka naye, na mimi ni mmoja wa walioiweka.

Anania alibisha hodi

Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 tunasoma habari za Sauli aliyeangushwa njiani kwenda Dameski. Watu wanapenda sana ile nuru na ile sauti. Mimi siku hizi najikuta nakaa zaidi kwenye mstari wa 9: siku tatu hakuona, hakula wala hakunywa. Siku tatu gizani, katika nyumba ya Yuda, njia iitwayo Nyofu. Hakuna aliyejua nini kitatoka mle ndani.

Bwana akamtuma Anania. Anania alikuwa na sababu zote za kukataa, na alizitaja: amesikia kwa watu wengi mabaya aliyotenda mtu huyu. Taarifa zake zilikuwa sahihi kabisa, kama muhtasari wangu ulivyokuwa sahihi. Hata hivyo alikwenda, akaingia, akamwekea mikono, na neno lake la kwanza likawa kumwita ndugu. Wakati huo Sauli alikuwa hajahubiri hata mara moja, hajaandika hata waraka mmoja. Nyaraka zile tunazozisoma leo zilikuwa bado.

Sasa nisieleweke vibaya. Kila mfano una mwisho wake. Kiwavi hana dhambi. Anakula majani kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, na hugeuka bila kuombwa toba. Kijana wetu alitenda kosa, na fedha ya mama lishe ni fedha ya mama lishe. Kanisa lisilo na nidhamu haliwatendei haki waliodhulumiwa. Yesu mwenyewe ametupa utaratibu katika Mathayo 18, na ukiusoma utaona unaanza na mtu kwenda kwa mwenzake, wawili peke yao. Sisi tulianza na barua. Na Paulo, aliyewataka Wakorintho wawe wakali kwa mkosaji, katika waraka wa pili sura ya 2 anawaambia adhabu aliyokwisha kuipata inatosha. Sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Adhabu ilikuwa na mlango wa kutokea. Sisi tuliufunga, halafu tukasahau ufunguo tumeuweka wapi.

Gharama ya majani

Utaniuliza: na mlimao je? Ni swali la haki. Matawi mawili yalibaki karibu uchi, maana kiwavi wa ndooni hakuwa peke yake; wengine mjukuu wangu alikataza wasiguswe. Mke wangu alinuna siku mbili. Lakini mlimao mkubwa una nguvu ya kuchipua, na kufikia mwezi wa pili majani yalikuwa yamerudi, na malimao tukachuma kama kawaida. Mche mdogo ni habari nyingine. Viwavi wawili watatu wanaweza kuumaliza. Ukiwakuta huko huna haja ya kuwaponda. Wahamishie kwenye mti uliokomaa.

Nadhani hiyo ndiyo hekima tuliyoikosa siku ya kikao. Fedha tusingempa tena, hiyo ni kweli. Huo ulikuwa mche mdogo. Lakini kiti kwenye benchi tungempa. Mzee mmoja wa kula naye ugali Jumapili mchana tungempa. Kinanda kingesubiri. Kanisa ni mti mkubwa, lilikuwa na majani ya kutosha kumbeba mtu mmoja wakati anageuzwa. Tuliyahurumia majani.

Katika Luka 13 mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta tunda kwenye mtini, hajapata, naye anataka ukatwe. Mtunza shamba habishani naye juu ya hesabu. Ni kweli tunda hakuna. Anaomba mwaka mmoja zaidi, na anasema mwenyewe atakachofanya mwaka huo: atalima kuuzunguka, atatia samadi. Ombi lake lilikuja na jembe. Mara nyingi tunamwombea mtu muda, lakini samadi hatushiki, kwa kuwa inanuka.

Na tukumbuke kwamba viwavi wengi hawafiki kuwa vipepeo. Ndege wanawadonoa, nyigu wadogo wanataga mayai yao ndani ya miili yao. Vijana wetu nao wana ndege wao na nyigu wao. Mikeka ya mpira ni mmojawapo, pombe ni mwingine. Maadui wanatosha. Kandambili ya mzee wa kanisa isiongezeke.

Yule wa kwenye ndoo alitoka siku ya kumi na saba, Jumamosi asubuhi. Tulikuta ganda limepasuka, naye amening'inia kichwa juu, mabawa yamekunjamana kama kitambaa kilichofuliwa kikakamuliwa. Tulitulia. Taratibu maji ya mwili yakasukumwa ndani ya mishipa ya mabawa, yakanyooka, rangi ikaonekana. Alisubiri yakauke. Tulipoondoa chandarua hakuruka mara moja. Alikaa ukingoni mwa ndoo muda mrefu, kisha akapita juu ya ukuta kuelekea upande wa ziwa. Mjukuu wangu hakusema "nilikuambia". Watoto wana huruma kuliko sisi.

Kuhusu kijana wa kinanda, sina mwisho mzuri wa kukusimulia. Niliwaeleza wazee wenzangu, nikaomba radhi kwa sehemu yangu. Mmoja wao na mimi tulikwenda anakopanga, tukabisha hodi, miaka minne baada ya wakati wake. Alitufungulia, akatupa soda. Tulimwomba msamaha, naye akatuomba. Fedha alisema atalipa kidogo kidogo, na amekwishaanza. Kanisani alikuja Jumapili moja, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, akaondoka kabla ya sadaka. Hajarudi tena. Jumamosi jioni huwa nampigia simu, wakati mwingine anapokea.

Ni bado.

Mpendwa msomaji, kabla hujaligeuza gazeti hili, litafute jina moja. Kila kanisa linalo. Kila ukoo unalo. Binti aliyeondolewa kwaya kwa sababu ya mimba, shemeji aliyeacha kuja baada ya ule ugomvi wa shamba, mwanao mwenyewe ambaye jina lake halitajwi tena mezani. Huenda ana jeuri, huenda ananuka pombe, huenda amenyamaza kiasi kwamba mmeshamhesabu kuwa amekufa. Hujui mabawa yaliyomo, wala mimi sijui. Anayejua ni Yule anayegeuza. Kazi yetu sisi ni majani ya kila asubuhi na chandarua cha kumkinga, na leo hii, baada ya chakula cha mchana, ni kwenda kubisha hodi.

Mungu akubariki. Jumapili njema.